Askari wa Shaba na Mpagazi wa Sokoni: Majina ya Vivutio vya Dar es Salaam kama Hati za Historia

1.0 Utangulizi

Mgeni anayefika Dar es Salaam akiwa na siku mbili tu za kutembea mjini hupewa orodha ya maeneo ambayo haibadiliki sana: Makumbusho ya Taifa, Sanamu ya Askari, makanisa mawili ya enzi za Wajerumani yaliyo karibu na bandari, Soko la Kariakoo, soko la samaki, ufukwe wa Coco, Kijiji cha Makumbusho, soko la wachongaji la Mwenge, na visiwa vya Bongoyo na Mbudya iwapo bahari imetulia. Orodha hiyo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba hueleza kila mahali kwa umri wa jengo, mtindo wa usanifu na bei ya kiingilio, kisha hulipita jina kana kwamba ni kibao tu cha kumwelekeza dereva.

Makala hii inafafanua majina hayo. Hoja inayojengwa ni kwamba, katika jiji ambalo majengo ya kale hubomolewa bila kuchelewa, jina la mahali ni hati ya kihistoria inayodumu kuliko ukuta. Aidha, katika eneo moja mahususi, yaani Kariakoo, jina limehifadhi kumbukumbu ya kundi la watu ambalo wajenzi wa makaburi na sanamu hawakulitendea haki. Data zilizotumika ni majina yenyewe kama yanavyotamkwa na wakazi, yakilinganishwa na historia iliyoandikwa ya mji. Uchanganuzi unaegemea onomastiki, hususan tawi lake la majina ya mahali, pamoja na kanuni za kawaida za fonolojia na mofolojia ya Kiswahili.

Istilahi *kivutio* inahitaji neno moja kabla ya kuendelea. Nomino hii imeundwa kutokana na kitenzi *vuta*, na kitenzi hicho hudai mvutwaji. Fasihi ya utalii humchukulia mvutwaji kuwa mgeni daima. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728, na watu hao nao huvutwa. Jumapili jioni huvutwa na mihogo ya kukaanga ya Coco, na siku za sikukuu huvutwa na Kariakoo. Katika makala hii, kivutio ni mahali panapoendewa kwa hiari na watu wengi, wawe wageni au wenyeji.

2.0 Jina la Jiji Lenyewe

Kabla ya miaka ya 1860 palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzizima. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanza kujenga mji mpya kando ya bandari hiyo ya asili, na mji huo ndio uliopewa jina la Dar es Salaam. Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba maana yake ni "Bandari Salama". Kwa mujibu wa Kiarabu, *dar* ni nyumba au makao, wala si bandari. Tafsiri iliyo karibu zaidi na umbo la jina ni "makao ya amani". Lakini itakuwa haraka kuitupa tafsiri ya bandari kwa kuwa tu haikubaliani na kamusi. Wenyeji waliutazama mji, wakaona maji yaliyotulia ndani ya mlango mwembamba, wakalisoma jina kwa kuzingatia kile kilichokuwa mbele ya macho yao. Usomaji wa namna hii nao ni data. Majid alifariki mwaka 1870, mji ukadorora, na ulipata uhai mpya Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891.

Katika mabaki ya mji wa Majid, majengo mawili ya matumbawe bado yanaonekana na wapenzi wa historia huyatembelea: Boma la Kale na Nyumba ya Atiman. Jina la hili la pili lina kisa kinachostahili kusimuliwa zaidi ya kinavyosimuliwa. Adrien Atiman alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari wa shirika la White Fathers, akasomea utabibu Malta, kisha akahudumu kama tabibu na katekista huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi kifo chake mwaka 1956. Hivyo, nyumba iliyojengwa katika mji wa sultani, wakati biashara ya watumwa ikiendelea katika pwani hii, leo inaitwa kwa jina la mtu aliyewahi kuuzwa. Mgeni anayepiga picha milango yake bila kuambiwa jambo hilo anaondoka na picha ya mbao.

3.0 Vita Moja, Kumbukumbu Mbili

3.1 Sanamu ya Askari

Katikati ya jiji, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Mtaa wa Maktaba, imesimama sanamu ya shaba ya askari Mwafrika aliyeinamisha bunduki yenye singe kuelekea upande wa bandari. Ilizinduliwa mwaka 1927 na Waingereza kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nairobi na Mombasa nazo zilijengewa kumbukumbu za aina hiyo hiyo. *Askari* ni neno la asili ya Kiarabu ambalo lilikwisha kuwa la Kiswahili muda mrefu kabla ya vita hivyo, na lilitumiwa na majeshi ya pande zote mbili, la Wajerumani na la Waingereza.

Ili kuielewa sanamu hii ni muhimu kukumbuka ile iliyoitangulia mjini. Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda aliyeongoza vita vya kuizima harakati ya Abushiri na baadaye akawa gavana. Katika utunzi wa sanamu ile, Wissmann alisimama juu, na chini yake palikuwa na askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliiondoa. Mwaka 1922 ilisimamishwa upya mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo, katika muda wa chini ya miaka ishirini, askari alipanda kutoka miguuni pa bwana mkubwa hadi kileleni mwa sanamu yake mwenyewe. Si hatua ndogo, ingawa aliyempandisha alikuwa mkoloni mwingine na kwa sababu zake.

Maandishi ya sanamu yanawataja pia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Umbo la shaba, hata hivyo, ni la askari peke yake. Nairobi, ambako kumbukumbu ina watu watatu, mpagazi naye alipewa mwili. Dar es Salaam hakupewa. Na kwa kuwa watu huita kitu kwa jina la kile wanachokiona, mahali pakawa "Sanamu ya Askari", na mpagazi akabaki katika maandishi ambayo wapita njia wachache husimama kuyasoma.

3.2 Kariakoo

Mpagazi aliingia mjini kwa njia nyingine. Baada ya mji kutekwa, Waingereza waliweka kambi ya kikosi cha wapagazi magharibi ya mji, katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamekusudia kuweka soko la Waafrika. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Jina hilo ndilo lililozaa Kariakoo.

Jambo hili linajulikana na hutajwa katika vitabu vingi kwa sentensi moja. Kinachosahaulika ni kile ambacho umbo la jina linathibitisha. Neno *corps* liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa, na herufi zake mbili za mwisho hazitamkwi. Mtu anayelijua kwa sikio husikia "ko" lenye irabu ndefu, na anayelijua kwa macho huona konsonanti tatu zikifuatana. Laiti jina lingepokelewa kutoka katika karatasi za ofisini, kanuni za silabi za Kiswahili zingelazimisha irabu kuchopekwa kati ya konsonanti hizo na kuongezwa mwishoni, na tungetarajia umbo refu kama "Karia Koropusi". Badala yake tuna *Kariakoo*: hakuna *r* ya mwisho, hakuna *p*, hakuna *s*, na irabu ndefu ya Kiingereza imegeuzwa kuwa silabi mbili kamili, *ko-o*, ili mkazo wa Kiswahili upate kukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hili ni jina lililosikiwa. Lilitolewa na ofisa aliyekuwa akiita watu, likapokelewa na waliokuwa wakiitwa, ambao wengi wao hawakuwa na sababu wala nafasi ya kuliona limeandikwa. Nairobi nako palikuwa na kambi ya kikosi hicho hicho, na jina la eneo lake huandikwa Kariokor, umbo ambalo *r* yake ya mwisho inaonesha kuegemea zaidi tahajia. Masikio mawili yamepokea neno moja, na kila moja limeacha alama yake.

Kwa mtazamo huu, Kariakoo ni zaidi ya neno la mkopo. Ni rekodi ya sauti ya amri ya kijeshi kama ilivyosikika katika masikio ya watu waliolazimishwa kubeba chakula, risasi na vipuri vya mizinga katika nchi isiyo na barabara, na ambao walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Wengi hawakupata kaburi lenye jina. Mwezi Aprili 2021, taasisi inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba askari na wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa watu wasiokumbukwa kwa usawa na wenzao wa Ulaya. Miezi mitatu baadaye, usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Soko la Kariakoo liliteketea kwa moto. Matukio haya mawili hayana uhusiano wa kisababishi, na hapa yanawekwa pamoja kwa sababu moja tu: mwaka ule ule ambao walimwengu walikumbushwa juu ya wapagazi, mjadala mkubwa kuhusu Kariakoo katika vyombo vya habari vya nchini ulihusu hasara ya mali, ajira na mipango ya kujenga upya. Mambo hayo yalistahili kujadiliwa. Jina lilitajwa maelfu ya mara bila maana yake kutajwa.

Jengo lililoungua lilikuwa na thamani yake. Lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza nchini, na lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake lilikuwa la miavuli mikubwa ya zege, mithili ya miti ya sokoni inayokinga jua na kukusanya mvua, na chini yake palikuwa na ghorofa ya ardhini ambayo wafanyabiashara waliiita Shimoni. Mpangilio huo ulitosha peke yake kulifanya soko kuwa kivutio. Lakini ni jina, wala si paa, lililosambaa kwingineko: pambano la Simba na Yanga huitwa Dabi ya Kariakoo, kwa sababu klabu zote mbili zina makao yake katika mitaa hiyo. Ni ajabu kidogo kwamba siku ya dabi nchi nzima hutamka jina la kikosi cha wapagazi, na kwa shangwe.

4.0 Uzunguni, Uhindini, Uswahilini na Mnazi Mmoja Katikati

Serikali za kikoloni ziligawa mji kwa viwango vya ujenzi. Sheria ilizungumzia aina ya nyumba. Matokeo yake yalikuwa mgawanyo wa watu. Wakazi waliyapa maeneo hayo majina ya wazi kuliko sheria yenyewe: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mofolojia ya majina haya ni nyoofu, kiambishi *u-*, shina la jina la watu, na kiambishi tamati cha mahali *-ni*, lakini yalisema hadharani kile ambacho lugha ya sheria ilikizungukazunguka. Kati ya eneo la biashara la Wahindi na Kariakoo liliachwa eneo la wazi la kutenganisha. Eneo hilo ndilo Mnazi Mmoja. Leo ni bustani yenye mnara wa mashujaa na mahali pa mikusanyiko ya umma. Jina linazungumzia mti mmoja na halisemi lolote kuhusu utengano; hapa ndipo nadharia ya jina kama hati inapofikia mpaka wake, kwani jina zuri laweza pia kuficha.

Mgawanyo huo umeacha athari katika utohozi. Oysterbay ilikuwa sehemu ya makazi ya Wazungu, na jina lake hadi leo huandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Kariakoo, iliyokuwa ya Waafrika, iliswahilishwa mara moja na kikamilifu. Inapendekezwa hapa kwamba kiwango cha utohozi wa jina la mahali hufuata kiwango cha watu wa lugha pokezi kulitumia mahali hapo kama pao. Mfano wa kupima pendekezo hili ni Coco Beach, ufukwe ulio Oysterbay penyewe. Kwa kuwa ufukwe huo umekuwa wa watu wote, wanaokuja kuogelea, kula mihogo yenye pilipili na kupunga upepo, jina lake limeanza safari ambayo Oysterbay haijaianza: katika mazungumzo ni *Koko* tu, na neno la pili limedondoka.

Kwa upande wa bandari, hali ni kinyume kwa namna ya kuchekesha. Mahali watu wanapopanda pantoni kwenda Kigamboni pana majina mawili yenye maana moja. *Kivukoni* limeundwa kwa kitenzi *vuka*. *Feri* limetoholewa kutoka Kiingereza. Ungetarajia neno la asili ya Kiswahili liwe la mtaani na la mkopo liwe la ofisini. La hasha. Kivukoni ndilo jina la kata na la barabara, na Feri ndilo linaloitwa na kondakta wa daladala. Soko la samaki lililo hapo, ambalo vitabu vya mwongozo huliita kwa tafsiri tupu ya Kiingereza, kwa mkazi ni "samaki wa Feri". Mgeni anayetumia jina la kitabuni hueleweka. Ila hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni, na bei ya changu hubadilika.

5.0 Majina ya Kumbukumbu

Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Jina la mfalme limeondoka; wazo la kumbukumbu limebaki ndani ya neno la Kiswahili, lililoundwa kwa mnyambuliko *kumbuka*, *kumbusha*, *makumbusho*. Katika Kiingereza neno la taasisi hii linarudi kwa miungu wa Kigiriki wa sanaa, ilhali katika Kiswahili linamtaka mtazamaji atende jambo: akumbuke. Bustani ya jengo hilo ina kumbukumbu ya waathirika wa mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998, na humo neno linatimiza maana yake barabara. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa miaka ya 1960 kuonesha nyumba za jadi za jamii mbalimbali za Tanzania, kimelipeleka neno mbali zaidi: leo *Makumbusho* ni kata na ni kituo cha mabasi, na abiria wengi hushuka hapo bila kuwaza nyumba za msonge zilizo jirani.

Majina mawili ya kale ya pwani hii yamejificha katika vivutio vya mjini. Azania, jina lililotumiwa na mabaharia wa Kigiriki katika karne ya 1, lipo katika Kanisa la Azania Front la Walutheri. Zinji, jina lililotumiwa na waandishi wa Kiarabu, limo katika Zinjanthropus, fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai Julai 1959 na ambalo ni hazina kuu ya Makumbusho ya Taifa. Yote mawili ni majina tuliyopewa na waliokuja kwa jahazi.

Sabasaba ni kinyume chake: jina la ndani kabisa. Viwanja vya maonesho vya Barabara ya Kilwa vina jina rasmi la Mwalimu J. K. Nyerere, lakini kila mtu husema Sabasaba, yaani siku ya saba ya mwezi wa saba, siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954. Tarehe ya kisiasa imekuwa jina la mahali pa kununua majiko na kula aiskrimu. Jina rasmi halijaiondoa, na ni vigumu kuona litakavyoiondoa.

6.0 Tahadhari na Suala la Vibao

Si kila simulizi la jina linafaa kupokelewa. Kuhusu Msasani, kwa mfano, husimuliwa kwamba linatokana na mtu aliyeitwa Musa Hassani. Kifonolojia mfinyo wa namna hiyo unawezekana. Bila ushahidi mwingine, unabaki kuwa uwezekano. Etimolojia za mapokeo zikusanywe na ziandikwe kama masimulizi, na kibao cha utalii kisizigeuze kuwa ukweli uliothibitishwa. Kwa Kariakoo ushahidi wa kihistoria na wa kifonolojia unakubaliana, na ndiyo maana uzito mkubwa zaidi wa makala hii umewekwa hapo.

Katika Mtaa wa Samora, ambao kwa nyakati tofauti umepewa jina la miti ya akasia kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, kisha jina la Uhuru kwa Kiingereza, palikuwa na jengo la zamani lililojulikana kama Salamander. Halipo tena, mahali pake pana jengo refu la ofisi lililorithi jina hilo, na vijana wanaofanya kazi humo hawana pa kusoma lilikotoka. Kariakoo imejengwa upya kwa zege jipya, na wakati wa kubandika kibao ni huu. Kibao hicho kiandikwe kwa Kiswahili kwanza, kiwe na sentensi mbili au tatu, na kiwataje wapagazi kwa neno hilo hilo, *wapagazi*, kwa kuwa soko hili ndilo limelibeba jina la kazi yao kwa zaidi ya miaka 100.